Mgongo wa Mzee Saulo

Siku ya kwanza Mzee Saulo Mwandemele alipokosekana kwenye duara la asubuhi la kiwandani, watu walisema ana mafua. Siku ya pili walisema amekwenda Mbeya. Siku ya tatu wote walimwona kwa macho yao akipita nyuma ya ghala, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na hapo hakuna aliyesema kitu tena. Kiwanda ni chake na mafua ni yake.

Siku ya nne, Jumatano, Faustina Kalinga alisimama mbele ya ubao saa moja na nusu asubuhi, watu kumi na mmoja wamemzunguka, akaendesha kikao kana kwamba hakuna pengo. Pengo lilikuwepo. Lilikuwa kati ya Bupe wa mizani na Zabron wa ghala, upana wa mzee mmoja mnene, na hakuna aliyethubutu kusogea kuliziba.

Kazi ya Faustina ilikuwa ngeni hata kwa jina. Mlinzi wa getini alipoambiwa kwamba anakuja kocha kutoka Iringa, alimuuliza timu yenyewe inapanda daraja au inashuka. Faustina akamjibu kuwa hajajua bado. Yeye alikuwa kocha wa kazi: anawafundisha watu waliozoea kufanya kazi kwa amri wafanye kazi kwa kuelewana, tena kidogo kidogo, wakijisahihisha kila wiki. Katika kiwanda hiki cha kukoboa mpunga, pale Ubaruku, alikuta mpunga wa mkulima unalala uwanjani siku tisa. Mashine zilikuwa nzima. Ila watu wa mizani hawaongei na watu wa mashine, watu wa mashine hawaongei na watu wa ghala, na wote wanamngoja Mzee Saulo aseme neno. Akaweka ubao wa vikaratasi vya rangi, kila kazi ionekane ilipofikia. Akawasimamisha duara kila asubuhi, hata Jumapili, kwa dakika kumi, kila mtu aseme mambo matatu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, na nini kinanikwamisha. Viti alivikataa, kwa sababu mtu akishakaa anaanza kuhutubia. Siku tisa zikawa nne.

Aliyeupenda utaratibu huo kuliko wote alikuwa mzee mwenyewe. Wiki tano mfululizo alikuwa wa kwanza kufika. Kuna asubuhi alisema kinachowakwamisha watu wake ni yeye, anashikilia kila kitu kama bibi anayelala na funguo za stoo, na watu walicheka mpaka Gerson wa mashine akakaa chini, jambo lililokatazwa.

Halafu ikaja Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku Asukile alipomwambia baba yake kwamba anataka kumuoa kocha.

Asukile ndiye mtoto wa kiume pekee wa Mzee Saulo, fundi aliyesomea, msimamizi wa mashine zote. Yeye na Faustina walikutana mwaka uliopita Iringa mjini, kwenye semina aliyokuwa akiifundisha Faustina. Asukile alinyoosha mkono kumpinga. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakaagiza nyingine, nayo ikapoa. Tangu hapo mmoja akikosa simu ya mwenzake siku nzima alikuwa mtu wa kununa. Kampuni ya Faustina ilipopata kazi Ubaruku, alimwomba Asukile wasijionyeshe. Hakutaka wafanyakazi waseme kocha ameletwa na mapenzi. Basi wakajificha, na walidhani wamejificha vizuri.

Kikao kilipovunjika, Faustina alimwona Gerson akielekea dirisha la ofisi ya mzee, kofia mkononi, kwenda kuuliza aanze na mpunga wa nani. Ubao ulikuwa umeshamjibu. Alikuwa ameusoma, tena kwa sauti. Lakini mwenye mali ameususa ubao, na mfanyakazi mwenye akili hufuata mwenye mali.

Alimkuta Asukile kwenye mfereji nyuma ya ghala, ananawa grisi.

"Baba yako alikwambia nini Jumamosi?" alimuuliza.

"Nimeshakwambia, Tina. Hakusema kitu. Aliniuliza ukoo wenu, nikamwambia Kalinga. Akavaa kofia, akatoka."

"Na tangu hapo hajanitazama."

"Ana mawazo. Msimu ndio umeanza, wakulima wanamsumbua."

"Usinijibu kama karani, Asukile. Jumatatu niliingia ofisini kwake kwa mlango wa mbele, yeye akatokea wa nyuma. Mzee wa miaka sabini, suruali imenyooshwa pasi, akapita katikati ya pumba mpaka magotini. Jana nikamkuta ghalani. Nikamwambia shikamoo, akanigeuzia mgongo. Shikamoo yangu iko hewani mpaka leo."

Asukile alitaka kucheka kwa ajili ya pumba. Alipouona uso wa mwenzake, akakimeza kicheko.

"Kwetu sisi Wahehe watu wanaweza kugombea mpaka wa shamba miaka kumi," Faustina aliendelea, "lakini wakikutana njiani ni kamwene, na mwingine anaitikia kamwene. Asiyeitikia salamu yako amekufukuza."

"Baba hawezi kukufukuza."

"Basi niambie anafanya nini."

Asukile alifuta mikono kwenye ovaroli, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Sijui. Mimi baba nimemjulia likizo. Tangu darasa la nne niko bweni, nikirudi Mbeya ni wiki tatu, nne, naondoka. Namheshimu, ila kumwelewa ni kazi nyingine. Nipe wiki moja, nitaongea naye."

"Ulisema umeshaongea naye."

"Niliongea. Yeye ndiye hakuongea."

Faustina alimtazama. Ubaya wa Asukile ni kwamba hata akiwa na kosa, macho yake yalikuwa ya mtu anayestahili kusamehewa, na Faustina alikuwa amemsamehe mara nyingi kwa sababu ya macho hayo tu. Safari hii akahamishia macho yake kwenye maji ya mfereji. Alimpenda. Alimpenda kiasi cha kuona aibu, mwanamke wa miaka thelathini na mbili anayelipwa kuwatuliza watu wengine, halafu mwenyewe moyo unamwenda mbio kwa mtu aliyepaka grisi.

"Siwezi kuingia nyumba ambayo nikiingia mlango huu, baba anatokea mlango ule," alisema. "Na hapa kiwandani siwezi kuendelea. Watu wameshaona. Naandika barua sasa hivi, mchana niko Igawa nasubiri basi."

"Unaacha kazi, au unaniacha mimi?"

"Sijui tena kuvitenganisha. Hilo ndilo kosa langu, nalo nililijua tangu mwanzo."

Akaondoka. Asukile akabaki pale, mikono inamdondoka maji, kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Kwenye kivuli cha lori Faustina alimpigia mama yake, Mama Devota, Iringa. Mama huyu hakuwa amelipenda jambo hili hata siku moja. Aliwahi kuuliza, kwa upole kabisa, kama Iringa nzima wanaume wameisha.

"Amekupa mgongo?" Mama Devota aliuliza.

"Amenipa, mama."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wa ghala."

"Mtu akikupa mgongo kabla hujaingia kwake, ukishaingia atakupa nini? Rudi nyumbani, mwanangu. Mimi sitaki mtoto wangu akae kwa watu anahesabu migongo."

Faustina akakata simu, akakaa kwenye gogo, akaandika barua ya kuvunja mkataba. Iliisha kwa mistari sita. Barua ngumu huwa fupi.

Nje ya ofisi ya Mzee Saulo alimkuta Bupe amekaa kwenye stuli, mlangoni kabisa. Bupe wa mizani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Tukuyu, msema kweli kama mizani yake. Stuli hiyo aliihamishia hapo Jumatatu, na Faustina hakuwa ameuliza kwa nini.

"Usiingie," Bupe alisema.

"Nina barua ya mzee."

"Nipe mimi."

"Ni ya kuaga, dada Bupe. Mtu mzima anaagwa kwa mdomo."

"Basi aga ukiwa hapo hapo. Ukiingia utamtia aibu, na wewe utaonekana hukufundwa kwenu."

Faustina alisimama na barua yake. "Nimtie aibu mimi? Yeye aliyenigeuzia mgongo?"

Bupe alimtazama, akaanza kuelewa kitu, na uso wake ukalegea. "Asukile hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Hawa watoto wa bweni," Bupe alisema, akatikisa kichwa. "Mwanangu, sikiliza. Sisi Wanyakyusa, mambo ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Akikuona njia hii, anapita ile. Siyo ugomvi. Ni heshima, tena ile ya juu kabisa. Wengi tumeacha. Watoto wa siku hizi wanamsalimia mkwe wao kama konda wa basi. Lakini huyu mzee alilelewa na bibi yake kule kwetu, na yeye hajaacha."

"Mimi siyo mkamwana wake."

"Hiyo ni hesabu yako. Kwa hesabu yake ulishakuwa tangu Jumamosi."

Kulikuwa na gunia la mchele ukutani. Faustina alikaa juu yake. Alifurahi, na hakuna namna nyingine ya kulisema. Siku nne alikuwa analia kwa kukataliwa, kumbe siku nne hizo alikuwa anapokelewa. Kisha akaona haya kwa yale aliyomwambia mama yake. Halafu, kabla haya haijaisha, akamkumbuka Gerson dirishani na hasira zikampanda.

Ndani mtu alikohoa.

"Bupe," ilisema sauti ya Mzee Saulo.

"Naam, baba."

"Huyo mtoto bado yupo?"

"Yupo. Amekaa kwenye gunia."

"Mwambie hilo gunia lina vumbi."

"Amesikia, baba. Mlango uko wazi."

Faustina alipandisha sauti kidogo, uso ameuelekeza kwa Bupe. "Mwambie mzee nilidhani ananichukia."

"Mwambie mtu hapiti kwenye pumba kwa sababu ya chuki," sauti ilijibu. "Ningemchukia, ningekaa kwenye kiti changu nikamfukuza yeye."

"Jamani," Bupe alisema, "mimi ni mtu wa mizani, siyo simu."

Hakuna aliyemsikiliza.

"Mwambie heshima yake nimeipokea, na nashukuru," Faustina alisema. "Lakini watu wa hapa bado hawajaufuata ubao. Wanamfuata yeye. Wameuona mgongo wake, wanadhani ameitupa kazi yote. Gerson amesharudi dirishani kuomba amri. Wiki nyingine kama hii, mpunga utarudi kulala uwanjani siku tisa."

Mashine namba mbili ilikuwa inanguruma, na katikati ya mngurumo huo mzee alikuwa anafikiri.

"Mwambie hayo sikuyawaza," alisema mwishowe. "Niliwaza heshima ya mtoto, sikuwaza macho ya watu."

"Mwambie na mimi nina langu. Kazi yangu ni kuuliza. Nimemuuliza kila mtu hapa kwa nini anafanya anavyofanya, mpaka mlinzi. Yeye sikumuuliza. Nilimwogopa, nikajijibu mwenyewe."

Bupe hakurudia neno hata moja. Alikuwa anajipepea kwa kitabu cha mizani.

"Sasa mwambie hivi," Mzee Saulo alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Achague. Akitaka niwe mteja wake, kesho nasimama duarani namtazama usoni kama mwanzo. Ila hapo Asukile atafute mke kwingine, maana mtu hawezi kumtazama mkamwana Alhamisi akaanza kumheshimu Jumapili. Akitaka niwe baba yake, aniachie mgongo wangu, na kazi aikabidhi kwa mwingine. Yote mawili sijui yanavyokaa pamoja. Mimi ni mzee, sikufundishwa."

Faustina alisimama, akapangusa vumbi la gunia. "Mwambie naomba mpaka kesho asubuhi."

"Na basi la Iringa?" Bupe aliuliza.

"Limeshapita," Faustina alisema, ingawa ilikuwa saa nne tu.

Asukile alikuwa pale pale mfereji ulipo. Faustina akamweleza yote.

"Ulikuwa hujui kabisa?"

"Niliwahi kusikia. Nilidhani ni hadithi za bibi." Alijishika kichwa. "Kwa hiyo Jumamosi alipovaa kofia akatoka, alikuwa anakubali?"

"Alikubali pale pale. Wewe ukaja kuniambia hakusema kitu."

Faustina alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na Asukile akamshika mkono, grisi na yote, lori la kwenda Makongolosi likiwa linapakia mchele hatua kumi kutoka hapo.

"Utachagua nini?" alimuuliza.

"Ninakutaka wewe. Hilo halina mjadala," Faustina alisema. "Ila hawa watu nimewafikisha nusu. Nikiondoka leo wanarudi walikotoka, na nitakuwa nimewadanganya. Nitaolewa huku najua hivyo." Hakuutoa mkono wake, lakini hakutabasamu tena.

Alhamisi, saa moja na nusu, duara lilikuwa limekamilika isipokuwa lile pengo. Faustina alivunja utaratibu, akaanza yeye.

"Jana niliandika barua ya kuacha kazi," alisema. "Leo nitawaambia kitu nilichotakiwa kuwaambia siku ya kwanza. Nimekuwa nikiwahimiza kazi iwe wazi, kila mtu aone, na mimi mwenyewe nilificha. Mimi na Asukile tunapendana, tangu kabla sijaja hapa."

Watu walitazamana.

"Kocha, hiyo tunaijua toka wiki ya pili," Gerson alisema. "Endelea tu."

Hata Bupe alicheka. Asukile aliinama, akaanza kuzichunguza buti zake. Faustina alikuwa anatafuta maneno ya kusema lile la pili, kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho, kwamba ubao atabaki nao Bupe, na maneno yalikuwa hayaji, ndipo mlango wa ofisi ukafunguliwa.

Mzee Saulo alitoka kinyumenyume. Alikuja hivyo hivyo, hatua fupi fupi, kama lori linaloingia ghalani, kiasi kwamba mkono wa Zabron ulianza wenyewe kumwelekeza, njoo, njoo, kata kushoto. Alipofika kwenye pengo akasimama, bega moja kwa Bupe, bega jingine kwa Zabron, mgongo kwa duara zima, uso ukiangalia mashamba.

"Mzee, hii ya kugeuka imekaaje?" Gerson aliuliza.

"Imekaa vizuri. Kocha alisema watu wasikae. Hakusema waangalie wapi. Zamu ya nani?"

"Ni yako, baba," Faustina alisema.

Wiki zote alikuwa akimwita mzee. Hilo neno jipya lilimtoka lenyewe mbele ya watu kumi na mmoja, na halikuweza kurudi. Mabega ya Mzee Saulo yalipanda, yakashuka.

"Jana," alisema, "nilimpokea Gerson dirishani nikampa amri, na amri yenyewe ilikuwa siyo. Nilikosea. Leo sitampokea mtu dirishani. Ubao mnao, na macho mnayo. Nitakuwa nasimama hapa kila siku, namna hii, mpaka mkataba wa kocha uishe." Kisha akashusha sauti, wakalazimika kusogea wamsikie. "Kinachonikwamisha. Nimeandika barua ya posa. Mshenga sina. Ndugu zangu wote ni wa Tukuyu na Kyela, hakuna anayejua kuongea na Wahehe wakamwelewa. Naogopa atakwenda mtu, atasema neno vibaya, nitamkosesha mwanangu mke."

Hakuna aliyecheka safari hii. Zabron aliutazama ubao, Bupe akawa anatafuta leso.

Utaratibu ulikuwa unajulikana. Mtu akitaja kinachomkwamisha, kocha hamtatulii. Kocha anauliza duara. Faustina alikuwa amewaambia hivyo mara ishirini, na sasa watu kumi na mmoja walikuwa wanamngoja aulize, na mgongo mmoja ulikuwa unangoja pia.

"Nani anaweza kumsaidia?" aliuliza.

Asukile alinyoosha mkono.

"Siyo wewe," Bupe alimwambia.

"Mimi naweza," Zabron alisema polepole. "Mimi Mbena wa Njombe. Kibena na Kihehe ni ndugu, tunaelewana."

Faustina alifumba macho kidogo, kisha akafanya kitu ambacho kocha hafanyi. Akatoa jibu.

"Nyumba iko Kihesa," alisema. "Ukifika uliza kwa Mwalimu Adrian Kalinga, wote wanamjua. Usiende Jumapili, Jumapili yuko kwaya. Nenda Jumamosi asubuhi kabla hajatoka kwenda shamba. Baba utamweza. Mama atakataa. Atakwambia binti yake hayupo, hata picha yangu ukiiona ukutani. Usibishane naye na usiondoke. Omba chai, ukae."

Mzee Saulo hakugeuka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akiyatazama mashamba ya mpunga.

"Zabron," alisema mwishowe, "kesho kanyoe ndevu."